Kama Vilikuwa Kitu Kimoja, Viboko Vilikuwa vya Nini?

Ndani ya wiki moja nimeambiwa neno lilelile na watu wawili ambao wala hawafahamiani, na wote wawili wamekosea.

Wa kwanza ni mzee wetu mmoja. Vijana wa kikundi changu waliuliza hesabu ya michango ya mabati ya msikiti: zimepatikana shilingi ngapi, yamenunuliwa mabati mangapi, na mbona upande wa akina mama bado ni turubai. Waliuliza kwa adabu, baada ya swala ya Ijumaa, na aliyesema alianza na shikamoo. Mzee akajibu kwamba tangu zama za makhalifa anayeongoza dini na anayeongoza watu ni mtu mmoja, na kwamba kumhoji kiongozi ni kumhoji Mungu. Akataja aya ya 59 ya sura An-Nisaa, ile inayozungumzia kuwatii wenye mamlaka. Akaishia nusu. Aya yenyewe haiishii pale, inaendelea kueleza mkizozana jambo lirudishwe wapi, ila hiyo nusu ya pili siku hiyo haikusomwa.

Wa pili ni mwezeshaji wa semina. Kijana kama mimi, kanizidi shule, na si mtu mbaya, alituletea soda na akakumbuka majina yetu. Yeye alisema shida ya Waislamu ni kwamba dini yao tangu mwanzo haikutenganisha msikiti na ikulu, khalifa alikuwa mfalme na mkuu wa dini kwa pamoja, basi. Kwa hiyo dawa, akasema, ni wenye mamlaka kuhakikisha masheikh wote wanafundisha jambo moja lililo sahihi. Mwisho tukapewa karatasi ya kujaza kuhusu tunavyoamini. Ndiyo au hapana. Jina na namba ya kadi juu.

Mmoja anataka tutii, mwingine anataka tunyooshwe, na wote wawili wamesimama juu ya historia moja ambayo haikutokea. Mimi nimeishia sekondari, na dini nimeisoma kwenye mkeka wa madrasa kama wengi wenu. Sitoi fatwa. Lakini visa nitakavyovitaja si siri ya mtu, vingi vimo katika tarikhi ya al-Tabari, aliyekufa Baghdad mwaka 923, na masheikh wetu wanavijua. Wanavijua, wanakaa kimya. Na ninyi Wakristo mnaosoma hapa, msifunue ukurasa. Mchungaji wako akibanwa na maswali ya sadaka hukimbilia Warumi 13, sivyo?

Tuanze Madina, mwaka 632. Mtume amefariki, wahyi umekoma, hata mazishi bado. Watu wa Madina, Ansari, wakakusanyika katika ukumbi wa Banu Saida kujadili nani aongoze. Abu Bakr, Umar na Abu Ubayda wakapata habari wakawafuata. Pakabishaniwa. Kulikuwa na waliopendekeza Ansari watoe kiongozi wao na Wahamiaji watoe wao. Mwisho Abu Bakr akapewa mkono wa utii. Ndugu zetu Mashia wanasema Ali alikwisha kuteuliwa kabla ya hapo, na ugomvi huo sitaumaliza mimi kwenye jarida hili. Ninachosema ni kwamba jambo lilizungumzwa kwa sauti, watu wakapingana usoni. Na inasimuliwa Abu Bakr katika hotuba yake ya kwanza aliomba asaidiwe akifanya vizuri na anyooshwe akikosea. Mtu anayeomba anyooshwe hajidai kwamba kumhoji ni kumhoji Mungu.

Baada ya hapo, angalia. Uthman aliuawa nyumbani kwake mwaka 656. Mwaka huohuo Aisha, Talha na Zubayr walikutana na jeshi la Ali katika vita vya Ngamia, na mwaka 657 ikawa Siffin, kati ya Ali na Muawiya. Hawa ni masahaba, si wahuni wa sokoni. Unaweza kusema upande huu ulikosea, unaweza kusema kila mmoja alifanya ijtihadi yake. Kitu kimoja huwezi kusema: kwamba walidhani khalifa haulizwi.

Bani Umayya ndio waliotaka kumaliza mjadala. Pale Dameski hawakutosheka kuitwa warithi wa Mtume katika uongozi, walipenda jina la khalifa wa Mungu mwenyewe, naibu wa Mungu duniani. Zipo sarafu za Abd al-Malik, aliyetawala kuanzia 685 hadi 705, zenye jina hilo. Ni mtawala aliyejenga kweli: Kuba la Mwamba kule Jerusalem ni lake, sarafu za dhahabu zenye maandishi matupu bila picha ya mtu ni zake, na Kiarabu kuwa lugha ya ofisi za dola ni kazi yake. Wajukuu wakaja na madai makubwa kuliko kazi. Al-Walid wa Pili alituma barua mikoani akieleza kwamba makhalifa ndio ambao Mungu amewakabidhi dini yake baada ya manabii na kwamba anayewapinga ameangamia. Barua hiyo al-Tabari ameihifadhi. Mwaka 744 huyo naibu wa Mungu aliuawa, na waliomwondoa waliongozwa na binamu yake.

Huyo binamu, Yazid wa Tatu, ndiye ninayemtaka. Aliposhika madaraka alisimama mbele ya watu na ahadi zake ni za ajabu ukizisikia leo. Hataweka jiwe juu ya jiwe kujijengea. Hatachimba mifereji kwa faida yake. Hatahamisha mali ya mji mmoja kwenda mji mwingine mpaka mahitaji ya mji wenyewe yatoshe. Na wakiona hatimizi, wana haki ya kumwondoa. Yaani khalifa, kwenye mimbari, anazungumzia hesabu. Alikufa baada ya miezi kama sita tu, kwa hiyo hatujui angefika wapi, na mimi simwiti walii. Lakini asituambie mtu kwamba suala la mali ya umma limeletwa na mashirika ya Wazungu.

Mwaka 750 Bani Abbas wakawang'oa Bani Umayya, na mwaka 762 al-Mansur akaanza kujenga Baghdad. Hapa jambo linabadilika. Kwa zaidi ya miaka mia moja, misikitini na majumbani, kulikuwa kumekua watu ambao hakuna aliyewateua: wanaohifadhi hadithi, wanaofundisha sheria, wanaoulizwa na mwenye duka kama biashara yake ni halali. Hawakuwa na askari hata mmoja. Al-Mansur aliwaona na akaelewa. Mwandishi mmoja, Ibn al-Muqaffa, alikuwa ameandika waraka wa ushauri: makadhi wanahukumu kila mmoja na lake, damu iliyo halali mji huu ni haramu mji ule, basi khalifa akusanye hukumu zote, achague, atoe kitabu kimoja. Ushauri wenye akili kabisa. Mwezeshaji wetu angeupenda.

Haukufanyika. Inasimuliwa khalifa alimtaka Malik bin Anas wa Madina akubali kitabu chake, al-Muwatta, kiwe sheria ya dola nzima, na Malik akakataa, kwa sababu masahaba walitawanyika na kila mji umeshapokea elimu yake. Hebu fikiria. Mtu anaambiwa kitabu chako kitalazimishwa dunia nzima, anasema hapana. Malik huyo alikuwa amechapwa viboko na gavana wa Madina kwa sababu alishikilia kwamba kiapo cha kulazimishwa hakimfungi mtu, na watu wakaelewa maana yake: hata mkono wa utii kwa khalifa, kama ulilazimishwa, haukufungi. Abu Hanifa naye alitakiwa awe kadhi, akakataa, akafungwa, akafa Baghdad mwaka 767.

Si wote walikataa. Mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, Abu Yusuf, aliikubali kazi na akawa kadhi mkuu wa kwanza, chini ya Harun al-Rashid. Wapo wanaomcheka. Mimi simcheki, maana alimwandikia Harun kitabu kuhusu kodi, Kitab al-Kharaj, na humo anamwambia mfalme wa dunia kwamba wasio Waislamu wasipigwe wala kusimamishwa juani ili walipe. Ukiona mtu anaandika hivyo ujue kupigwa na kusimamishwa juani kulikuwapo. Mtu anaweza kuingia ofisini na bado mdomo wake ukabaki wake. Ni vigumu, lakini inawezekana.

Sasa al-Ma'mun, na hapa naomba subira yenu.

Al-Ma'mun alikuwa mtoto wa Harun. Alipata ukhalifa kwa kumshinda ndugu yake al-Amin, Baghdad ikazingirwa zaidi ya mwaka mzima, mitaa ikaungua, na al-Amin akauawa mwaka 813. Hakuwa mjinga huyu. Alipenda elimu, wafasiri wa vitabu vya Kigiriki walikula mkono wake, alipenda kukaa na watu wakabishana mbele yake mpaka usiku. Na ni yeye, mtu wa akili, aliyeamua mwaka 833 kwamba imani ya wanazuoni ipimwe na mkuu wa polisi wa Baghdad, Ishaq bin Ibrahim.

Swali lilikuwa moja. Kurani imeumbwa, au haikuumbwa? Usicheke. Wale wa Mu'tazila walisema imeumbwa, kwa sababu Mungu peke yake ndiye wa milele, na ukisema Kurani nayo ni ya milele umemwekea wa pili pembeni. Hoja nzito. Watu wa hadithi wakasema maneno ya Mungu hayawezi kuwa kiumbe kama jiwe na mbuzi. Nayo ni hoja nzito. Nani alikuwa sahihi, waulizeni wenye elimu hiyo. Mimi nauliza kingine: kwa nini jibu lilihitaji barua ya ikulu?

Zoezi lile liliitwa mihna. Ni neno la mzizi mmoja na mtihani, letu hili, ambalo kwetu ni wa shule na ni wa maisha. Kule ilikuwa yote mawili. Kadhi asiyekubali hafai kuhukumu. Shahidi asiyekubali ushahidi wake haupokelewi. Mzee mmoja mpokezi wa hadithi, Affan bin Muslim, alikuwa na posho ya kila mwezi kutoka serikalini, na inasimuliwa nyumbani kwake walikula watu kama arobaini. Aliambiwa asipokubali posho inakatwa. Hakukubali. Ikakatwa. Inasimuliwa pia kwamba watu wa nyumbani kwake walimlaumu, na hilo naliamini kabisa, maana naijua nyumba ambayo kadi ya mgao imezimwa.

Saba wa kwanza waliitwa mpaka kwa khalifa mwenyewe, kule Raqqa. Miongoni mwao Yahya bin Ma'in, bingwa wa hadithi, na Ibn Sa'd, yule aliyeandika habari za masahaba na tabaka zao. Wote saba wakakubali. Kisha wakaitwa wengine wengi pale Baghdad, mmojammoja mbele ya Ishaq, na majibu yao yameandikwa. Unasema nini kuhusu Kurani? Ni maneno ya Mungu. Sikuulizi hilo, imeumbwa? Mungu ndiye muumba wa kila kitu. Kurani ni kitu? Sina zaidi ya nililokwisha kusema. Mwingine akasema akiamriwa na khalifa atasikia na kutii, lakini hajaamriwa kusema. Nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Majibu haya tunayajua. Ni majibu ya mtu aliyekaa upande huu wa meza na kalamu iko upande ule, hajui neno gani litaandikwa na faili litalala wapi. Asiwadharau mtu wale waliokubali. Walikuwa na watoto.

Mwisho wakabaki wanne, wakatiwa minyororo. Siku zilizofuata wawili wakalegea. Wakabaki Ahmad bin Hanbal na Muhammad bin Nuh, wakapelekwa kaskazini mpakani, Tarsus, ambako al-Ma'mun alikuwa vitani na Warumi. Kabla hawajafika, al-Ma'mun akafa. Wakarudishwa Baghdad katika minyororo ileile, na Muhammad bin Nuh akafia njiani. Huyu ndiye ninayewapa vijana wangu. Kila mtu anamjua Ahmad, ana madhehebu yenye jina lake. Muhammad bin Nuh inasimuliwa alikuwa kijana, na elimu yake haikuwa kubwa, na Ahmad mwenyewe alimsifu kwa hilohilo, kwamba kwa umri ule na elimu ile alisimama kuliko wengi. Ahmad ndiye aliyemsalia.

Khalifa mpya, al-Mu'tasim, alikuwa askari zaidi kuliko msomi, lakini aliuachiwa mradi na ndugu yake, akauendeleza. Ahmad alikaa gerezani zaidi ya miaka miwili. Kisha akaletwa ikulu, akabishaniwa mbele ya kadhi mkuu, Ahmad bin Abi Du'ad, naye akawa na ombi moja: nileteeni kitu kutoka kitabu cha Mungu au sunna ya Mtume wake. Hawakumletea alichokiona kinatosha. Wakamchapa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu.

Sasa nauliza, na mzee wangu anijibu, na mwezeshaji naye anijibu. Kama mamlaka ya dola na mamlaka ya dini yalikuwa kitu kimoja mkononi mwa khalifa, viboko vilikuwa vya nini? Mwenye funguo havunji mlango. Khalifa aliyekuwa na haki ya kutamka imani ya watu angetamka, wakasema amina, wakaenda kula. Huyu ilibidi atumie barua, polisi, posho, minyororo, gereza na mjeledi, khalifa watatu mfululizo, miaka kumi na mitano, na bado hakuipata. Mihna ni ushahidi kwamba alichokitaka hakuwa nacho.

Ilivyozidi kushindwa ndivyo ilivyozidi kuwa ya kikatili. Chini ya al-Wathiq, al-Buwayti, mwanafunzi wa Imamu Shafii, alifia gerezani Baghdad akiwa na minyororo. Ahmad bin Nasr al-Khuza'i alikamatwa mwaka 846 kwa kupanga uasi. Alipofikishwa mbele ya khalifa, hakuulizwa habari za uasi. Aliulizwa habari za Kurani, na khalifa akamuua kwa upanga mkononi mwake, kichwa kikatundikwa Baghdad. Siasa ikavalishwa kanzu, mchana kweupe.

Lakini kisa ambacho sitakisahau ni cha mwaka 845. Waislamu na Warumi walikubaliana kubadilishana mateka kwenye mto Lamos, ambao leo uko kusini mwa Uturuki. Mto katikati, jeshi huku, jeshi kule, mtu mmoja anavuka huku na mmoja anavuka kule. Na upande wa Waislamu khalifa alikuwa ameweka watu wa kuhoji. Mateka wa Kiislamu, ambaye pengine amekaa utumwani miaka, anafika ng'ambo ya nyumbani na anaulizwa kwanza: Kurani imeumbwa? Aliyesema ndiyo alikombolewa. Aliyekataa aliachwa kwa Warumi.

Kila msomaji wa jarida hili amewahi kusimama kwenye mto kama ule. Na ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma, baadhi yenu mnakaa kwenye ile meza. Siwalaumu kwa meza. Nawaomba tu mkumbuke kwamba aliyeiweka pale Lamos alikuwa na hakika kabisa kwamba imani anayoitafuta ndiyo yenye akili, isiyo na ushirikina, inayofaa kwa watu wote. Karatasi yetu ya semina nayo inatafuta majibu mazuri. Nimeyasoma, mengi nayakubali. Lakini namba ya kadi ya mgao inafanya nini juu ya karatasi inayouliza naamini nini?

Al-Mutawakkil, aliyetawala kuanzia 847, ndiye aliyeifuta mihna. Msikimbilie kumshangilia. Huyohuyo aliwalazimisha Wakristo na Wayahudi wavae mavazi ya rangi ya kuwatambulisha, na huyohuyo akaamuru kaburi la Husayn kule Karbala libomolewe. Alibadilisha upande wa mjeledi tu. Mwaka 861 aliuawa na walinzi wake wa Kituruki. Ahmad bin Hanbal alikuwa ameshakufa, mwaka 855, baada ya kukaa miaka akikwepa zawadi za ikulu, na Baghdad ilifurika watu siku ya maziko yake.

Kuna jambo lazima niliseme hata kama linanipunguzia hoja. Waliopigwa jana si lazima wawe wapole kesho. Miaka kadhaa baadaye watu waliojiita wafuasi wa Ahmad walikuwa na nguvu mitaani Baghdad, na al-Tabari huyuhuyu, mzee wa zaidi ya miaka themanini, alirushiwa mawe nyumbani kwake kwa sababu hawakupenda alivyomzungumzia imamu wao. Kwa hiyo sisemi dini wakabidhiwe masheikh kwa sababu masheikh ni malaika. Nasema hakuna aliyewahi kuwa nayo yote, si khalifa, si kadhi, si umati, na kila aliyetaka kuwa nayo yote aliishia kushika fimbo au jiwe.

Mzee atanijibu, najua, kwamba huyo Ahmad alikataza kuasi. Ni kweli. Wanazuoni wa Baghdad walimwendea enzi za al-Wathiq wakitaka kuivunja ile bei ya utii, akawakataza, kwa kuogopa damu. Alitii amri za serikali za kawaida, alifungwa bila kupigana. Alichokataa ni kimoja, kwamba mtawala aingie kinywani mwake achukue neno lake mbele ya Mungu. Sasa mzee wangu, shikamoo tena, vijana walikuuliza mabati. Hawakuleta panga. Tangu lini kuuliza mabati kumekuwa uasi?

Na kama bado kuna anayeamini kwamba dini ya mtawala ndiyo dini ya watu, ajitazame mwenyewe. Uislamu uliofika Ujiji, Kasongo na Bujumbura, uliotulea wengi wetu, ulibebwa na watu wa pwani, na pwani ile ilikuwa chini ya masultani wa Zanzibar. Masultani wale walikuwa Waibadhi. Raia zao wengi walikuwa Washafii, wakawa na makadhi wa Kishafii pembeni ya makadhi wa Kiibadhi, sultani mmoja juu yao wote. Kama sultani angekuwa ndiye mwenye dini, leo kambi hii Waislamu wake wangekuwa Waibadhi. Nendeni msikitini mkaangalie tunavyosali.

Karatasi ya semina sikuijaza. Nilimrudishia mwezeshaji, tukaongea vizuri, akasema atauliza ofisini kama namba ya kadi ni ya lazima. Bado hajarudi na jibu.

Kwa mzee tutarudi Ijumaa ijayo, sisi wote, na yule kijana aliyeanza na shikamoo ataanza na shikamoo. Michango ilikusanywa bloku nne, wakusanyaji ni watoto wetu, na majina ya waliotoa yameandikwa kwenye daftari la kurasa 96 ambalo sisi wenyewe tulilinunua. Upande wa wanaume umeezekwa. Upande wa akina mama ni turubai, na mvua imeanza.